Uso wa Kulilia

Tulifika Karungu tukiwa tumekalia barafu. Treni ilikuwa imetutoa Voi hadi Nairobi, nyingine ikatutoa Nairobi hadi Kisumu, na kutoka Kisumu tukapanda meli iliyokwenda taratibu kama mtu aliyetoka kuugua, mpaka Homa Bay. Hapo njia ikatushinda. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Ndhiwa, mabasi hayapiti, na gari pekee lililothubutu kwenda ziwani lilikuwa lori lililowapelekea barafu wanunuzi wa samaki. Dereva alimtazama Mama, akanitazama mimi, akalitazama godoro letu lililofungwa kwa kamba.

"Mama, mbele kumejaa," akasema. "Juu iko nafasi, lakini mtakaa na baridi."

Mama akatandika magunia, akatandika godoro juu ya magunia, tukapanda. Mimi mtoto wa Voi, wa vumbi jekundu na jua la kupasua midomo, nilivuka nchi nzima nikaingia kwenye joto la ziwa meno yakigongana. Baba alikuwa akitusubiri kando ya njia. Alipotuona alicheka mpaka akashika magoti, kisha akainua kamera iliyoning'inia kifuani mwake na kutupiga picha hapo hapo, juu ya lori, kabla hata ya kutusalimu. Mama alimnunia mpaka kesho yake.

Nimehama sana tangu wakati huo. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, hunibidi nifikirie kidogo. Juzi nilikuwa nahamia chumba kingine, Kitale safari hii, na jirani alikuwa akichemsha siki kuondoa ukoko ndani ya birika lake. Harufu ilinikuta mlangoni nikiwa na mzigo. Nikauweka chini. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kazi yenyewe, mmoja unapanda, mwingine unashuka, kama imeshika ncha mbili za filamu juu ya beseni. Waliokua enzi zile watanielewa. Jirani aliniuliza kama naumwa.

Baba alikuwa amefanya kazi studio ya watu kule Voi mpaka aliposikia kwamba samaki aina ya mbuta wamewatajirisha wavuvi wa kwao. Akatangulia, sisi tukafuata. Alikuwa amesikia sawa. Wavuvi wa Karungu walipata pesa asubuhi na mchana wakataka kuonekana nayo. Studio yake ilikuwa chumba cha udongo chenye paa la bati, na kitambaa kilichochorwa barabara ya lami, nguzo za taa na ndege inayopaa. Kulikuwa na redio kaseti isiyo na betri, ya kushikwa mapajani, na koti moja jeusi. Koti lilikuwa kubwa mno, kwa hiyo Baba alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo ili limkae kila mteja. Ungeingia nyumba yoyote ufuoni ungekuta wanaume ukutani wamevaa koti lile lile, kama vile kijiji kizima kimeajiriwa na ofisi moja.

Nyuma ya studio kulikuwa na kijumba kisicho na dirisha. Umeme haukuwa umefika, na Baba alichapa picha zake kwa jua. Alikuwa ametoboa ukuta tundu dogo lenye kifuniko cha bati, na nje ya tundu akaweka kioo juu ya kigingi. Kazi yangu ilikuwa kukizungusha kioo kulifuata jua, ili mwanga upige tunduni, upite kwenye negativu na lenzi, uangukie karatasi ndani. Mawingu yakitanda, kazi inasimama. Kuosha filamu ndiko kulihitaji giza totoro: dawa ya kwanza, kisha siki ya kuizuia dawa ile isiendelee kula, kisha dawa ya mwisho ya kuikaza picha. Saa hakuwa nayo. Alipima muda kwa wimbo wa kanisani, akiuimba polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku mikono ikipanda na kushuka. Nilimwoshea vipande vya filamu vilivyoharibika, kujifunza tu. Filamu ya mtu hakuwahi kunipa.

Boma lilikuwa juu kidogo ya ufuo. Dani, mama yake Baba, alikuwa na nyumba yake hapo, na baba mkubwa Ochola, kaka yake Baba, alikuwa na yake. Baba mkubwa alikuwa na mitumbwi na ng'ombe wa kulima, mtu mpana, mwenye maneno machache. Mama walimwita nyar Taita, binti wa Taita, kwa heshima, lakini pia kwa kumkumbusha kwamba ametoka mbali. Hakujifunza Dholuo zaidi ya salamu. Dani naye hakusema Kiswahili. Walikaa jikoni kila mmoja akiongea lugha yake, na sijawahi kuwaona wakikosa kuelewana.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Mfangano kupiga picha za arusi, Baba aliiacha kamera kubwa, ile ya lenzi mbili, juu ya miguu yake mitatu. Aliyobeba ni ile ndogo. Alipokuwa akitoka aligeuka, akaenda kusimama chini ya ile ndege ya kitambaa.

"Leo wewe ndiye fundi," akaniambia. "Nipige."

Nilikuwa darasa la tano. Nikainama juu ya kioo cha kamera, nikamwona mdogo, anang'aa, kulia kwake kumekuwa kushoto. Nikaogopa atachoka kusimama. Nikabonyeza upesi, wakati ndiyo kwanza anainua kiganja kuniambia ngoja.

"Umenikata kichwa," akasema.

"Sijui."

"Fundi hajui. Haya, tutaona nikirudi. Hiyo filamu usiitoe, bado iko na nafasi za watu."

Upepo uliwakuta wakati wa kurudi. Wenzake waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi uliopinduka. Mwenye mtumbwi alipatikana kwenye mafunjo, amekufa. Baba hakupatikana. Watu walikaa ufuoni wakingoja ziwa limrudishe, kwa kuwa ziwa, walisema, huwa linarudisha. Mama alikaa mbele yao wote, miguu ndani ya maji. Siku zikapita, watu wakapungua, mwishowe tukabaki naye peke yetu na mbwa.

Hapo ndipo wazee walipoanza kuongea habari za yago. Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kama limefungwa kwa kamba. Mtu aliyemezwa na ziwa asipoonekana, tunda hilo huvishwa sanda, huwekwa ndani ya jeneza na kuzikwa mahali pake, ili asizurure. Baba mkubwa alikubali. Ila Dani alikataa.

"Nitalilia nini?" alisema, na mtoto wa jirani akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa. "Watu watoke mbali waje, wasimame mbele ya sanduku, walilie tunda?"

Alitaka uso. Picha iwekwe juu ya jeneza, watu wamwone wanayemlilia. Na picha haikuwepo. Mtu aliyepiga picha ufuo mzima, kwa walivyojua wao, hakuwa amepigwa na yeyote. Kitambulisho chake chenye picha kilikuwa mfukoni mwake alipozama. Baba mkubwa alipekua sanduku, akapekua bahasha za negativu, akamuuliza Mama mbele za watu.

"Shemeji, hata ya arusi hakuna?"

"Hatukuwa na mpiga picha," Mama akasema. "Mpiga picha alikuwa bwana arusi."

Walipoondoka nilimvuta kando nikamnong'oneza kuwa ipo moja, ndani ya kamera kubwa. Mama alinishika taya kwa vidole vyake vya baridi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Baba."

"Basi ibaki hivyo."

Nilielewa kwa akili yangu. Niliona kwamba Mama anajua Baba yuko hai mahali fulani, pengine kisiwani, pengine ng'ambo Tanzania, na kwamba picha ile ikitoka na kuwekwa juu ya sanduku lenye tunda, basi njia yake ya kurudi itafungwa. Kwa hiyo nikawa mlinzi. Nilipotoka shule nilikaa studio, kamera katikati ya magoti yangu, mpaka giza liingie.

Na Baba mkubwa akaanza kuja. Alikuja kila alasiri, akakaa kwenye kiti cha wateja, ile ndege ikipaa juu ya kichwa chake. Siku nyingine alileta sukari. Siku nyingine alipanda juu ya nyumba yetu akaziba bati lililokuwa likivuja. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walimwona.

"Nyar Taita," mmoja akaita, "naona paa limepata mwenyewe."

"Bado msumari moja," mwenzake akasema, wakacheka.

Mama alipita kama hakusikia. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilichojua ni kwamba mtu yule anatafuta filamu yangu.

"Hii kitu," aliniuliza siku moja akiigusa kamera kwa kidole kimoja, "inakula nini?"

"Filamu, Baba mkubwa."

"Na saa hii iko na chakula ndani?"

"Sijui."

Akainama kunitazama. Macho yake yalikuwa ya Baba kabisa, na hilo lilinitisha kuliko swali.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa hesabu aliyokuwa nayo Mama. Bila mazishi hakuna mjane, na pasipo mjane hakuna wa kurithiwa. Siku ambayo yago lingeingia ardhini, kaka mtu angepaswa kuingia nyumbani mwetu, na hakuna aliyeuliza kama yeye mwenyewe alitaka. Mama alikuwa akipigania kila siku moja zaidi ya kuwa mke wa mtu. Kuhusu Baba kuwa hai, nadhani alikuwa ameacha kuamini kabla yangu, palepale miguu ikiwa ndani ya maji.

Kisha wavuvi wa upande wa Mfangano wakaleta jaketi. Lilikuwa lile la mifuko mingi alilovaa kazini, limevimba kwa maji, lina magugu. Dani alilipapasa kifua chote mpaka akafika kwenye kifungo kimoja alichokuwa amekishona yeye, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Alikaa chini. Hakulia. Alikishika kifungo kile tu.

Mama alingoja watu watawanyike. Akanishika mkono, tukaingia nyumbani kwa Dani.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Voi, "picha iko."

Dani hakugeuka.

"Nitakupa uso wa mwanao, watu wauone. Lakini akishazikwa, mimi narudi kwetu. Na huyu naenda naye. Sitarithiwa, Mama. Si kwa Ochola, si kwa mwingine."

Dani aliniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Akauliza kitu, nikasikia jina la Baba mkubwa.

"Najua atakataa," Mama akajibu. "Lakini Ochola ni mwanao. Hata akiwa na mvi atabaki mwanao."

Kuku aliingia, akadonoa, akatoka. Dani alilikunja lile jaketi vizuri, akaliweka mapajani. Alichosema kilikuwa kifupi: nionyeshe kwanza.

Hivyo ndivyo mambo yote yalivyoning'inia kwenye filamu moja, na mtu pekee aliyejua kuiosha alikuwa mimi. Mama alinieleza njiani. Ikitoka, tunaenda nyumbani. Isipotoka, tunabaki hapa, na Baba mkubwa anahamia kwetu. Nikasema ndiyo. Sikumwambia kwamba ikitoka nitakuwa nimemzika Baba kwa mikono yangu, wala kwamba kumwokoa kulihitaji kitu rahisi sana. Ningefungua mlango tu.

Ilikuwa mchana. Niliyapanga mabeseni kama alivyokuwa akiyapanga, nikachanganya dawa kwa kunusa na kuonja kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo Baba alinikataza. Mama aliziba nyufa zote kwa nguo, hata kanga yake. Dani alikaa nje, mgongo mlangoni. Tulipofunga, giza likawa zito kiasi kwamba sikujua kama macho yangu nimeyafumba au nimeyafumbua.

Filamu ya kamera ile ilikuwa imeviringwa pamoja na karatasi nyeusi, ilibidi kuitenganisha kwa vidole. Vidole vilikuwa na jasho. Nilipata ncha, nikaipoteza, nikaipata tena. Nikaivuta, nikaizamisha, nikaanza kupandisha na kushusha, na hapo nikagundua kwamba sina pumzi ya kuimba.

"Imba," nikamwambia Mama.

"Nini?"

"Ule wimbo wake. Polepole kama yeye."

Akaimba. Sauti yake ilikatika kwenye ubeti wa kwanza, akaurudia, nikamwambia asirudie, muda unahesabiwa. Akaendelea. Hakuwa amefika katikati tuliposikia viatu vya Baba mkubwa vikikanyaga changarawe nje.

"Mama, nani ako ndani?"

Dani akajibu kitu.

"Vitu za marehemu haziguswi kabla azikwe. Na huyu mwanamke anaimba nini kwa giza?" Ubao wa mlango ukalia. "Nyar Taita, fungua."

Mama aliacha kuimba. Nikasikia anahema. Mikono yangu ilikuwa ikipanda na kushuka, na ndani ya kichwa changu sauti mbili zilikuwa zikisema kwa pamoja, afungue, asifungue. Angefungua, lisingekuwa kosa langu. Baba angebaki ziwani akiitafuta njia. Mlango ukavutwa kidogo, nikahisi mgongo wa Dani ukiurudisha.

Dani alizungumza kwa utulivu, na Mama ambaye hakujua Dholuo aliniambia baadaye kwamba alielewa neno kwa neno. Alimwambia Ochola kwamba mdogo wake yuko ndani, yuko majini, na akiingiza mwanga hatatoka tena, na akiugusa mlango huu mara nyingine asimwite mama.

Viatu vikarudi nyuma. Kisha changarawe, vikienda mbali.

"Imba, Mama," nikasema. Sijui mpaka leo kwa nini nilisema hivyo na si kunyamaza.

Siki. Dawa ya mwisho. Tulipofungua mlango niliiinua filamu dhidi ya anga. Wavuvi walikuwa humo mmoja baada ya mwingine, wamevaa koti jeupe, nyuso nyeupe, meno meusi. Chini kabisa, amepinda kidogo, alikuwa yeye. Dani aliuliza yuko wapi. Nikamwonyesha, akarudi nyuma.

"Huyu ni jini," alisema.

"Ngoja, Dani. Bado."

Lakini jua lilikuwa limeondoka. Mawingu yalikuwa yametanda kutoka ziwani, mazito, ya mvua ya kukesha, na huku jioni inakuja na mazishi yameshatangazwa. Tulikaa tukitazama juu, wote watatu. Matone machache yakapiga bati. Kisha, upande wa vilima, mawingu yakapasuka, na Dani ndiye aliyefika kwenye kioo wa kwanza. Nilimwelekeza nikiwa ndani: juu kidogo, kushoto, hapo, usitikisike. Mwanamke aliyekuwa akitetemeka hata akishika kikombe alikishika kioo kile imara, mwanga ukaingia tunduni kama ufito.

Niliizamisha karatasi kwa mwanga wa kibatari kilichofunikwa kitambaa chekundu. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kikatokea kivuli cha mdomo, halafu nyusi, halafu Baba mzima akapanda kutoka chini ya maji akinitazama, kiganja kimeinuliwa, kichwa kimekatwa juu ya paji. Na kwa kitambo kile nilifurahi. Nilisahau kwamba nilitaka ishindwe. Nilifurahi kama mtu aliyevuta kamba na kukuta ni nzito, na furaha ile ndiyo iliyonikamata. Naitafuta hadi leo, mji hadi mji, hata sasa ambapo picha zinatoka papo hapo na hakuna anayezingoja. Kilio kilikuja baadaye, Mama alipoingia na kuiona.

Walimzika kwa heshima. Yago lilikuwa limevikwa shuka lake la kitandani, na juu ya jeneza ikasimamishwa picha, kubwa kadiri nilivyoweza kuichapa. Watu walipita mbele yake wakilia.

"Tazama, anatuaga," wakaambiana. "Alijua anaenda. Ameinua mkono."

Nilitaka kuwaambia kwamba haagi mtu. Alikuwa akisema ngoja. Dani alikaa kando ya ule uso mchana kutwa, akauongelesha, na hakuna aliyelilia tunda.

Baada ya mazishi Baba mkubwa alisema neno lake mbele ya wazee.

"Mwanamke akitaka kwenda, aende. Mtoto ni wetu. Mtoto hatoki kwa hii boma."

"Niliahidi wawili," Dani akasema.

"Mimi sikuahidi."

"Kwani nilikuuliza?"

Mzee mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Baba mkubwa aliinuka, akaenda ziwani, na hakutusemesha tena. Mama alifunga mizigo. Usiku ule alilala ameushika mkono wangu, na kila mbwa alipobweka aliukaza.

Asubuhi tulisimama njiani kungoja basi la Migori. Barabara ilikuwa imekauka. Tulikuwa tumeshaliona vumbi lake kwa mbali Mama alipoona watu wawili wakishuka kutoka bomani. Mbele alikuwa Baba mkubwa, amevaa lile koti la studio, kamera kubwa mkononi, na ndani yake filamu mpya niliyoitia nilipoitoa ya Baba. Nyuma yake Dani, na nguo yake ya kanisani. Mama alinisukuma nyuma yake.

"Shemeji, mambo hayo tulimaliza."

"Sijakuja kwa hayo." Alikuwa akihema. Alimtazama Mama, akaona aibu, akanigeukia mimi. "Wuod omera, mwana wa ndugu yangu. Nipige picha. Mimi na mama yangu. Mimi ziwa naingia kila siku. Siku nikikosa kurudi, sitaki walie tunda." Akaongeza, "Na usininyoe kichwa kama ulinyoa baba yako."

Dani akakaa juu ya begi letu. Baba mkubwa akasimama nyuma yake, koti likimpwaya kwa kuwa hakuna aliyelibana. Nikainama juu ya kioo. Hawakuwa na ndege wala barabara ya lami, walikuwa na ziwa tu nyuma yao. Niliona jinsi taya yake ilivyokuwa ikicheza. Nilielewa, kadiri mtoto anavyoweza kuelewa, kwamba mtu niliyemwogopa siku zote zile alikuwa amefiwa na ndugu yake. Sikuharakisha. Nilingoja mpaka taya ikatulia, nikabonyeza.

Basi lilikuwa limefika, kondakta anapiga ubavu wake kwa kiganja. Baba mkubwa akaichukua kamera.

"Hii ni ya boma, itabaki. Lakini hii iko ndani ni yako. Uioshe huko kwenu, utume."

Nikaona vidole vyake vikitafuta kitasa. Nikafungua mdomo. Alikuwa mwepesi, mtu wa nyavu. Alifungua mgongo wa kamera katikati ya jua lile jeupe, akaivuta filamu yote nje, karatasi na kila kitu, kama mtu anayetoa utumbo wa samaki. Akaiviringa taratibu kwenye vidole viwili. Akakata uzi kwenye bitana la koti kwa meno, akaifunga, akaiweka kiganjani mwangu.

"Niliona siku ile mlivyozuia mwanga filamu ikiwa kwa maji," akasema. "Kwa hivyo chunga. Isiguse maji mpaka ufike. Sawa?"

Mama aliniangalia. Yeye pia alijua kwamba jua limeshaifuta. Nikaona anangoja nitakachosema.

"Sawa, Baba mkubwa."

Dani aliuliza kitu kwa sauti ndogo, akijipangusa usoni kama bado yuko mbele ya kamera. Alitaka kujua kama atatoka vizuri.

"Utatoka vizuri, Dani."

Tukapanda. Basi lilipoanza kusogea, Baba mkubwa alitembea kando ya dirisha letu, akionyesha kwa mkono: funika, isilowe. Anga lilikuwa safi, bila wingu. Niliifunika kwa viganja vyote viwili, nikaishikilia hivyo hivyo mpaka kona ikamficha, na hata baada ya kona sikuiachia.